Cheki Isirudi: Namna ya Kuepuka Makato ya Benki Akaunti Inapopungukiwa

Zilizokosekana ni shilingi 690. Bi Mkubwa mmoja mwenye duka la leso Biashara Street, Mombasa, alikuwa amemwandikia mwenye jengo cheki ya kodi ya 45,000. Ijumaa cheki ilipofika kwenye akaunti yake, pesa zilizoweza kutoka zilikuwa 44,310. Cheki ikarudi. Benki ikamkata 2,500 za cheki iliyorudi na 500 za ushuru juu yake. Mwenye jengo naye akakatwa 1,200 na benki yake kwa kuweka cheki isiyolipika, akaja dukani na risiti kutaka arudishiwe. Kwa upungufu wa 690, mama wa watu alitoa 4,200, na kodi yenyewe bado hajalipa.

Mimi humshikia vitabu vya hesabu yeye na maduka mengine mawili matatu pale pale mtaani. Tuliiweka stetimenti, ile karatasi ya benki inayoonyesha kila kilichoingia na kutoka, juu ya robota la leso, nikaifuata mstari kwa mstari kwa penseli. Aliniambia, "Mwanangu, pesa zilikuwamo. Nimeziona kwa macho yangu kwenye simu. 49,310." Na kweli zilikuwamo. Asubuhi ile ile ya Ijumaa alikuwa ameweka cheki ya 5,000 aliyopewa na mteja wa Mtwapa. Simu ilizihesabu, benki haikuzihesabu.

Nimeona visa vya aina hii vingi, na karibu vyote vinafanana. Anayekatwa mara nyingi pesa anazo au ziko njiani, ila zimechelewa siku moja. Kwa hiyo mwongozo huu kwa sehemu kubwa ni wa tarehe. Ukizijua tarehe za akaunti yako, makato mengi hayatakufikia hata kama kipato chako hakijaongezeka shilingi.

Hatua ya kwanza: jua unakatwa nini

Omba stetimenti ya miezi mitatu, chukua kalamu nyekundu, na upige mstari chini ya kila kilichotoka ambacho hukukitoa wewe. Stetimenti zetu huandikwa kwa Kiingereza cha mkato ambacho hata aliyesoma humchanganya. Usione haya. Mwambie karani akusomee kila mstari wenye wekundu, nawe uandike pembeni kwa Kiswahili chako.

Utakuta makato ya kupungukiwa yana sura kadhaa. Kuna ada ya cheki uliyoiandika ikarudi kwa kukosa pesa, ambayo kwa kawaida ndiyo inayouma zaidi. Kuna ada ya cheki uliyopewa ukaiweka kisha ikarudi. Hapa mwenye kosa ni mwingine lakini unakatwa wewe. Kuna ada ya standing oda iliyoshindwa kupita: umeagiza benki itoe karo au kodi kila mwezi tarehe fulani, siku ikafika hamna kitu. Kuna adhabu ya rejesho la mkopo lililochelewa. Na kuna riba na ada ya ovadrafti, pale benki inapokubali kulipa hata kama akaunti imeingia chini ya sifuri.

Baadhi ya benki hutoza pia kadi inapokataliwa kwenye mashine ya kutolea pesa, hasa mashine ya benki nyingine. Ukibonyeza 5,000 ikakataa, ukabonyeza 4,000 ikakataa, ukajaribu 3,000, huenda umelipia kila jaribio. Tazama salio kwenye simu kabla ya kuchomeka kadi.

Juu ya ada hizi serikali huchukua ushuru wa bidhaa, ambao kwa ada nyingi za benki ni asilimia 20. Ndiyo maana kiasi kilichobandikwa ukutani hakilingani na kilichotoka. Kwenye stetimenti utaona mistari miwili inayofuatana, ada kisha ushuru wake, na watu wengi hudhani wamekatwa mara mbili.

Kisha omba orodha ya ada ya benki yako, ile inayoorodhesha bei ya kila huduma. Ni haki yako kuiona kabla ya kukatwa. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki hakiruhusu benki kupandisha ada zake bila idhini ya waziri anayehusika na fedha. Ukikuta ada imepanda na hukupata taarifa, hilo ni swali la kuuliza kwa maandishi.

Hatua ya pili: tofautisha salio mbili

Hapa ndipo Bi Mkubwa alipoteleza, na ndipo wengi huteleza.

Akaunti ina salio la kitabuni na salio unaloweza kutumia. La kitabuni huhesabu kila kilichoandikwa, pamoja na cheki uliyoiweka leo ambayo benki ya pili haijaithibitisha. Unaloweza kutumia huhesabu pesa zilizopita tu, tena hutoa kiwango cha chini ambacho akaunti yako hairuhusiwi kushuka chini yake, na pesa zozote zilizoshikiliwa. Programu ya simu huweza kukuonyesha yote mawili, moja kwa herufi kubwa na jingine kwa herufi ndogo. Tafuta lipi ni lipi. Kama huna hakika, mpigie karani, umuulize neno moja: "Nikitaka kutoa zote sasa hivi, nitapata ngapi?" Jibu la swali hilo ndilo salio lako. Jingine lote lisahau.

Taslimu uliyoipeleka mwenyewe dirishani au kwa wakala wa benki huhesabiwa papo hapo. Pesa kutoka M-Pesa kupitia namba ya paybill ya benki nazo huingia mara, na PesaLink, iliyoanza 2017, huhamisha kutoka benki moja hadi nyingine wakati huo huo, usiku au mchana, Jumapili au sikukuu. Cheki ni jambo tofauti. Ukiiweka leo, usiitegemee mpaka siku ya kazi inayofuata iishe, na hapo ni iwapo haikurudi.

Hatua ya tatu: chora kalenda ya akaunti

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Chukua kalenda ya ukutani, ile ya bure unayopewa na duka la vifaa vya ujenzi. Kwa kalamu ya kijani andika kila tarehe ambayo pesa huingia: mshahara, kodi ya mpangaji wako, zamu ya chama, mteja anayelipa kwa mwezi. Usiandike tarehe uliyoahidiwa. Fungua stetimenti ya miezi mitatu uandike tarehe pesa zilipoingia kweli. Mshahara unaoitwa wa tarehe 28 huenda uliingia tarehe 28, kisha 31, kisha 3 ya mwezi unaofuata. Basi kwa hesabu yako, huo ni mshahara wa tarehe 3.

Kwa kalamu nyekundu andika kila kinachotoka chenyewe: rejesho la mkopo, standing oda, bima, ada ya mwezi ya akaunti, cheki ulizoziandika. Nyekundu ikitangulia kijani, hapo ndipo utakapokatwa. Kamba hukatikia pabovu, na kwa akaunti nyingi nilizozitazama pabovu ni kati ya tarehe 30 na tarehe 5.

Sasa tia sikukuu. Benki zikifungwa cheki hazisogei, lakini baadhi ya makato ya kompyuta huendelea kama kawaida au hurukia siku ya kwanza ya kazi yakiwa yamerundikana. Madaraka ni tarehe 1 Juni, katikati kabisa ya msimu wa kodi. Mashujaa ni tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba, kisha Krismasi na siku ya pili yake. Pasaka huondoa Ijumaa na Jumatatu, yaani siku nne mfululizo ukitia wikendi.

Sisi wa Mombasa tuna na Idi. Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya taifa, na siku yake hutegemea mwezi kuandama. Nimemwona mtu akiweka cheki Marikiti akiwa na hakika Idi ni kesho kutwa, mwezi ukaonekana usiku ule ule, benki zikafungwa kesho yake, na rejesho lake la mkopo likakuta akaunti tupu. Basi mwezi wa Ramadhani ukifika siku ya 27, chukulia kwamba siku mbili zinazofuata ya 29 huenda zote zikawa za kufungwa, na hakikisha kilichopaswa kuwa ndani kiko ndani mapema. Wiki hiyo pesa zinatoka kwa nguo za watoto, zaka ya Fitri, na nauli ya kwenda kwa wazee Lamu au Malindi. Ni wiki ambayo akaunti hupungua kuliko wiki nyingine yoyote ya mwaka.

Kalenda ikishajaa, jumlisha kila mwezi mapema: kijani kufikia tarehe fulani ni ngapi, nyekundu kufikia tarehe hiyo ni ngapi. Ni kazi ya dakika kumi. Bi Mkubwa sasa huifanya mwenyewe kila Jumapili baada ya Alasiri, na mimi hupigiwa simu tu pale nyekundu inapoizidi kijani.

Hatua ya nne: hamisha tarehe nyekundu

Watu wengi hudhani tarehe ya rejesho au standing oda ni amri. Huweza kubadilishwa. Nenda tawi lako, iwe Nkrumah Road, Moi Avenue, Nyali au Changamwe, ukiwa na kitambulisho na stetimenti uliyoichora. Standing oda hubadilishwa kwa fomu moja na sahihi. Kwa mkopo, omba kuonana na ofisa wa mikopo, useme hivi: "Mshahara wangu kwa miezi mitatu umeingia kati ya tarehe 29 na 3. Naomba tarehe ya rejesho isogezwe hadi 6." Uliza pia kama kuna ada ya kubadilisha, na riba ya siku hizo chache itakuwa ngapi. Mara nyingi ni ndogo kuliko adhabu ya mara moja.

Omba ushahidi wa maandishi, hata ujumbe wa barua pepe. Nimeona mabadiliko yaliyokubaliwa mdomoni yakapotea karani alipohamishwa tawi.

Kama mwajiri ndiye anayechelewesha, jambo hilo halimo mikononi mwako, lakini tarehe ya benki imo.

Hatua ya tano: pesa usizozihesabu

Acha kwenye akaunti kiasi ambacho hukiandiki kabisa kwenye daftari lako. Kama akaunti ina 6,000 na kiasi hicho ni 3,000, daftari liseme una 3,000. Ni kiasi gani? Kipimo changu ni ada moja kubwa kabisa ya kupungukiwa katika orodha ya benki yako pamoja na ushuru wake. Kwa akaunti ya Bi Mkubwa ni 3,000. Angekuwa nazo zile 3,000 zimelala, 690 zisingekosekana.

Najua kwa anayeishi kwa kibarua cha siku bandarini, au anayepanga nyanya Kongowea asubuhi na kuzimaliza jioni, kuacha 3,000 zimelala ni kusema tu. Anza na 200 kila wiki. Miezi minne hivi baadaye utakuwa na ukuta.

Hatua ya sita: cheki zinataka adabu yake

Zamani mfanyabiashara aliandika cheki leo akijua ana siku kadhaa za kutafuta pesa, kwa kuwa karatasi yenyewe ilisafiri. Tangu 2011 benki za Kenya hutumiana picha ya cheki badala ya karatasi, na inayowekwa leo humfikia aliyeiandika siku ya kazi inayofuata. Nafasi ile haipo tena. Wapo wazee wa biashara ambao bado huandika kwa mazoea ya zamani, na hao ndio wanaorudishiwa cheki kila mwezi.

Kwa hiyo usiandike cheki kwa kutegemea cheki nyingine ambayo haijapita. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Yule wa Mtwapa akirudishiwa yake, yako nayo inarudi, na ya uliyemwandikia huenda ikafuata. Watu wanne wanakatwa kwa upungufu wa mmoja.

Jihadhari na cheki iliyolala. Cheki huishi miezi sita. Umemlipa seremala 8,000 mwezi wa tatu, yeye akaitia mfukoni akaisahau. Mwezi wa saba anaikumbuka. Wewe ulishaziona zile 8,000 kwenye salio, ukadhani ni zako, ukazila. Kwenye kishina cha kitabu cha cheki andika kiasi, tarehe na jina, na uweke alama pale tu unapoona imepita kwenye stetimenti. Visivyo na alama ni deni, hata kama simu inakuambia una pesa. Ikizidi mwezi, mpigie aliyepewa: "Fundi, ile cheki yangu mbona hujaiweka?" Atashukuru kukumbushwa.

Cheki ya tarehe ya mbele hutumika sana kwa kodi na bidhaa za mkopo. Ukiandika kumi na mbili kwa mpigo za mwaka mzima, zote ziingie kwenye kalenda kwa wekundu siku hiyo hiyo, kabla hujatoka kwa mwenye nyumba. Malipo yanayozidi milioni 1 hayafanywi kwa cheki; hupita kwa uhamisho wa moja kwa moja wa benki.

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu watu hulichukulia kama ada tu. Kifungu cha 316A cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 63, kinafanya kuwa kosa la jinai kutoa cheki huku ukijua akaunti haina pesa za kutosha au imefungwa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tena cheki zinazorudi kwa kukosa pesa hupelekwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, yaani CRB. Zenye leseni ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo. Taarifa mbaya huko huweza kubaki hadi miaka 5 baada ya kulipa. Unastahili ripoti moja ya bure kila mwaka. Iombe, uisome, na ukiona cheki ambayo siyo yako, ipinge kwa maandishi.

Hatua ya saba: ukiona upungufu unakuja

Umeamka saa kumi na mbili, umetazama kalenda, na unajua cheki ya 20,000 inafika leo na una 17,000. Bado kuna njia, kwa mpango huu.

Jaza kwanza, eleza baadaye. Tuma kutoka M-Pesa kwa paybill ya benki yako, au mwombe nduguyo akutumie kwa PesaLink. Weka zaidi kidogo ya upungufu, kwa sababu ada ya kutuma na ada ya mwezi huweza kuzila zile shilingi za mwisho. Usiweke cheki, haitasaidia leo.

Kisha pigia tawi benki ikifungua tu, uwaambie pesa zimeingia na cheki namba fulani ilipwe. Baadhi ya maofisa humpigia mteja kabla ya kurudisha cheki na kumpa saa chache. Lakini watakupigia kwa namba gani, ikiwa kwenye faili yako iko ile laini uliyoipoteza kwenye feri ya Likoni miaka mitatu iliyopita? Ukienda benki kwa lolote, hakikisha namba yako ni ya sasa.

Ukishindwa kabisa kupata pesa, mpigie uliyempa cheki kabla hajaiweka. Mwambie, "Bwana, naomba usiipeleke leo, nitakuletea taslimu Alhamisi." Wengi huona afadhali kusubiri kuliko kukatwa wao pia. Kuiagiza benki isiilipe cheki kuna ada yake, na huenda ukajiingiza kwenye kifungu kile nilichokitaja, kwa hiyo usikimbilie huko kama cheki haikupotea wala kuibwa.

Kuhusu ovadrafti: kama biashara yako hupungukiwa kila mwezi kwa siku zile zile, ovadrafti uliyoikubali kwa mkataba ni nafuu kuliko ile ya kushtukizwa. Uliza riba, ada ya kuifungua na ada ya kuihuisha kila mwaka, kisha linganisha na ulichokatwa mwaka jana. Wanaokwepa riba, na kwetu ni wengi, wana benki za Kiislamu ambazo hazitoi ovadrafti ya riba. Lakini cheki huko pia hurudi, na ada ya kurudi ipo. Omba orodha yao kama kwa benki nyingine yoyote.

Hatua ya nane: Fuliza nayo ni kupungukiwa

Sitaki kuiacha, kwa sababu wengi wanaosema "mimi sina akaunti ya benki" wanalipa makato ya kupungukiwa kila siku kwenye simu. Fuliza ilianza Januari 2019. Ni ovadrafti ya M-Pesa, na benki zilizo nyuma yake ni NCBA na KCB. Unapotuma au kulipa zaidi ya ulicho nacho, inakujazia. Unatozwa asilimia 1 ya kiasi ulichochukua, halafu ada ya kila siku kulingana na deni limeangukia daraja gani, hadi utakapolipa. Oktoba 2022 ada za kila siku zilipunguzwa.

Mtego wake uko kwenye kulipa. Shilingi yoyote inayoingia M-Pesa humezwa kwanza na deni. Kijana wako Nairobi amekutumia 1,500 za dawa ya mama, na unadaiwa 1,200: zinazobaki ni 300, na dawa haitanunulika bila kufuliza tena. Nimekaa na mama mmoja muuza mahamri Likoni, tukahesabu jumbe zake za mwezi mmoja moja moja. Alikuwa akifuliza karibu kila asubuhi kununua unga, akilipa jioni, akirudi asubuhi. Kila mara kilikatwa kidogo, lakini kwa mwezi kilitosha robota la unga la kilo 24.

Dawa iliyomsaidia ilikuwa kubana kiwango chake, na kuweka kando kwenye kopo unga wa siku moja mbele, ili asubuhi asianze na sifuri. Ilimchukua wiki tano. Ukitaka kujiondoa, lipa deni lote kwanza, kisha uingie kwenye menyu yake ya M-Pesa ujitoe.

Hatua ya tisa: ukishakatwa

Usiache ipite kwa hasira tu. Fungua stetimenti, uone ni ada ipi na siku ipi. Jiulize: pesa zilikuwamo kweli kwa salio la kutumika? Mshahara ulikuwa umeshaingia asubuhi ile lakini benki ikachelewa kuuandika? Standing oda ilijaribiwa mara mbili siku moja na kutozwa mara mbili? Hayo ni makosa yao, na unayo haki ya kurudishiwa.

Hata kosa likiwa lako, omba. Andika barua fupi kwa meneja wa tawi: namba ya akaunti, tarehe, kiasi, sababu ya upungufu, umekuwa mteja tangu lini, na kwamba ni mara ya kwanza. Isiwe ndefu, isiwe ya kulalama. Ipeleke nakala mbili, moja igongwe mhuri ubaki nayo. Barua ya Bi Mkubwa ilikuwa na sentensi tano. Alirudishiwa nusu baada ya siku tisa, na kile kilichorudi alikipeleka moja kwa moja kwenye zile pesa zisizohesabiwa.

Usipojibiwa, au ukijibiwa jibu lisiloeleweka, panda ngazi hadi ofisi ya malalamiko ya makao makuu ya benki, ukiambatisha nakala yenye mhuri. Baada ya hapo unaweza kuipelekea Benki Kuu ya Kenya, ambayo ina tawi hapa hapa Mombasa na ndiyo inayosimamia mabenki. Watakuuliza kwanza benki yako ilijibu nini, kwa hiyo usiende mikono mitupu.

Na ile akaunti uliyoiacha

Limebaki jambo moja ambalo watu hulisahau. Ulifungua akaunti kwa sababu ya kazi fulani Kilindini, kazi ikaisha, ukaacha kadi kwenye droo. Akaunti haikulala. Ada ya mwezi iliendelea kukatwa mpaka salio likaisha, na kwa baadhi ya benki ikaendelea chini ya sifuri. Siku unapotaka mkopo kwingine unakuta una deni usilolijua.

Nenda uifunge rasmi. Uliza unadaiwa ngapi, lipa, rudisha kadi na kurasa za cheki zilizobaki, jaza fomu ya kufunga, na usitoke pale bila barua inayosema akaunti namba fulani imefungwa na haina deni. Barua hiyo iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja, kwa sababu miaka mitatu baadaye karani mwingine akikuuliza, hiyo ndiyo utakayomwonyesha.